Kabla Hujafungua Valvu

Karibu. Viatu vina matope, viache hapo kwenye gunia.
Sahihi kwanza: jina, saa, upepo unatoka wapi.
Kwenye safu ya mahali usiandike "Moshi" ukaishia hapo,
andika Uru, juu ya kanisa, karibu na msitu,
maana humu ndani neno moshi tunalipima,
na daftari likichanganya mji na masizi
ninayeulizwa ni mimi.

Naitwa Aikaruwa Njau. Funguo ziko kwangu.
Wenye digrii waliandika kanuni kumi na mbili,
zile pale ukutani, mvua imekula ya tisa.
Zisome. Halafu nisikilize.

Marashi, hapana. Hata sabuni ya kunukia.
Mwaka juzi alikuja bwana mmoja ananukia kama harusi,
siku tatu mashine ikatusomea waridi.
Sigara uliiacha kule lami ilikoishia;
kama hukuiacha, rudi nayo, nitakungoja.

Ngazi ya mnara ina vidato arobaini na kimoja.
Cha kumi na saba kimelegea.
Ukifika juu simama upande upepo unakokwenda,
hewa ikufikie wewe baada ya chupa,
kama mkwe anavyongoja wakubwa wanawe mikono.
Kisha vuta pumzi. Ishike.
Fungua valvu. Hesabu kimoyomoyo hadi thelathini.
Usikohoe. Usiseme lo! mlima ukijifunua,
nao hupenda kujifunua wakati huohuo,
Kibo, peupe, karibu kama sahani ya jirani.
Funga. Shuka vidato vitano.
Sasa pumua. Sasa sema lo.

Pumzi yako nayo ni tarakimu.
Chupa haijui umetoka mbali,
haijui una barua ya wizara.
Utaingia humo, utasafirishwa hadi maabara,
na watu watakusoma wakidhani wewe ni anga.

Majirani usiwagombeze.
Saa kumi na moja alfajiri kamstari kanapanda:
ni Ndeshiwa, kule ukingoni, anachemsha maziwa.
Mchana Manase anachoma maganda ya kahawa.
Nawajua kwa vilima vyao kwenye karatasi
kama wengine wanavyojua watu kwa mwendo.

Na Desemba, tafadhali, weka kalamu chini.
Alikuja Dakta Mbonea, msomi hasa,
akaona mstari umepaa tangu tarehe ishirini,
akasema: uchafu huu, tukate.
Nikamwambia: baba, hao ni watoto wa watu.
Wamerudi kutoka Dar, Tunduma, Mwanza,
magari yanapanda kwa gia ya kwanza,
kila kihamba kina mbuzi, kila mbuzi ana moto wake,
masufuria ya mbege hayashuki mafigani.
Hayo ni mahudhurio.
Akacheka. Hakukata.

Sikumwonyesha karatasi ya mwaka uliotangulia.
Ukiitazama mbiombio ni Krismasi kama Krismasi zote.
Mimi huona pengo, upande wa kusini,
saa nne hadi saa nane,
pale ambapo jiko langu lingechora kilima.
Elirehema alipiga simu tarehe ishirini na tatu,
akasema kazi, akasema nauli, akasema mwakani.
Nilikula ndizi za jana, za baridi.
Kwenye safu ya maelezo niliandika:
upepo tulivu, hakuna tukio.

Basi, panda. Nimekuchelewesha.
Ukitoka funga geti kwa kamba, komeo usiliamini,
mbuzi wa mchungaji wameshajifunza komeo.
Na jioni pita kwangu, nyumba ya bati jekundu.
Giza likiingia upepo hugeuka,
hushuka toka mlimani kwenda mjini,
na chochote nitakachowasha
hakitafika huku juu.